Jinsi ya Kuweka Kanuni ya Kutovuta Sigara Katika Nyumba za Kupangisha

Mwenye nyumba za ghorofa anayetaka wapangaji wasivute sigara ndani aanze na mkataba, si na kibao ukutani. Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta mahali pa umma, lakini ugomvi wa moshi kati ya majirani humalizwa upesi zaidi na sharti ambalo kila mmoja alilitia sahihi. Mpangaji mpya alikute sharti hilo siku ya kuingia. Kwa aliyekwisha kuingia, halifai kuongezwa katikati ya muda wake bila ridhaa yake. Apewe notisi ya maandishi kwamba litaanza mkataba utakapohuishwa.

Kazi kubwa iko katika maneno ya sharti lenyewe, kwani likitaja sigara peke yake, mvuta shisha atadai kwamba halimhusu. Nchini Marekani, kanuni ya serikali kuu ambayo mashirika ya nyumba za umma yalitakiwa kuitekeleza kufikia Julai 2018 inahusu sigara, kiko na hata shisha, na inakataza kuvuta vyumbani, kwenye korido na ndani ya futi 25 kutoka kwenye jengo, yaani mita saba na nusu hivi. Sigara za kielektroniki ziliachwa nje, mimi ningezitaja. Sharti litaje pia roshani, ngazi, paa la kuanikia nguo na wageni wa mpangaji, na lieleze kwamba kinachokatazwa ni kuvuta jengoni, wala si mvutaji kupangishwa.

Wapo watakaosema kwamba kufungua dirisha kunatosha. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilihitimisha kwamba hakuna kiwango salama cha kuvuta moshi wa mwingine, na kwamba kupitisha hewa hakuuondoi. Katika ghorofa nyingi za Nairobi, madirisha ya vyoo na jikoni hufungukia uwazi mmoja mwembamba unaopanda hadi paani, kwa hiyo sigara iliyowashwa chooni chini hunukia kwenye sufuria za watu wa juu. Matundu ya mabomba na nyaya yazibwe, ingawa hilo hupunguza tu. Mvutaji akihama, kuta zioshwe na zipakwe kwanza rangi ya kuzuia madoa, la sivyo umanjano utajitokeza tena juu ya rangi mpya.

Malalamiko yaandikwe tarehe, saa na ghorofa. Mpangaji aelezwe kwanza kwa mdomo, kisha aonywe kwa barua, na akiendelea apewe notisi ya kuhama kwa kufuata sheria. Kumfungia mlango kwa kufuli si njia halali. Msimamizi wa jengo naye asionekane akivuta chini ya ngazi, maana hapo hakuna atakayemsikiliza. Wavutaji watengewe mahali pa wazi, mbali na madirisha na lango, pawekwe ndoo ya mchanga ya kuzimia vipande.