Kabla hujaenda kupunguzwa tumbo, jipange na hamu ya kula

Mtu akiamua kufanya operesheni ya kupunguza uzito maswali yake huwa ni hela, maumivu, kovu litakuwaje, na kazini aombe likizo ya muda gani. La hamu ya kula haliulizwi, kwa sababu wengi wanaamini tumbo likishapunguzwa hamu nayo imeondoka na kile kipande kilichokatwa. Jamani haiondoki. Kuna ya tumboni kweli, lakini kuna ya kichwani, kuna iliyozoea saa kumi jioni ukitoka kazini, na kuna ile ya kijana wa chipsi pale kituoni unaposhuka daladala, ambaye anakufahamu mpaka unavyopenda pilipili yako. Ndo maana haya nayaandika kama ya kufanya kabla, akili ikiwa imetulia, maana ukishatoka hospitali kidonda kinavuta na hata kupanda ngazi ni shughuli, hutakaa upange kitu.

Kwanza jua unafanyiwa nini hasa. Kwenye slivu, yaani operesheni ya kukata tumbo lenyewe, wanatoa kama robo tatu ya tumbo au zaidi, kinachobaki ni kama ndizi nyembamba, na kile kinachotolewa ndo sehemu inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni inayouambia ubongo kwamba una njaa. Ndo maana miezi ya mwanzo wengi hawasikii njaa kabisa, mtu mpaka akumbushwe kula, anaona kama kaponywa. Halafu taratibu, kwa wengine hata kabla mwaka haujaisha, njaa inaanza kurudi, na hapo wengi wanapaniki wanadhani tumbo limetanuka au daktari kakosea. Ni kawaida. Hiyo miezi ya ukimya ndo ya kujenga mazoea mapya, ukiipoteza kwa kusema mimi sina njaa bwana nakula chochote, njaa ikirudi inakukuta bado una mazoea yale yale ya zamani. Baipasi ni tofauti kidogo, wanabakiza kifuko kidogo cha tumbo wanakiunganisha na utumbo sehemu ya chini zaidi, kwahiyo ukila sukari nyingi inafika kwenye utumbo haraka mno, unaanza kutoka jasho, moyo unadunda, tumbo linasokota na kuharisha juu yake. Wapo wanaoipenda hiyo adhabu kwa sababu inawatisha wasile keki, ila usiitegemee kama mlinzi, haimpati kila mtu na mwingine inampungua kadiri muda unavyokwenda. Na wale wa puto, lile la kuweka tumboni bila kukata, lina muda wake linatolewa, kwahiyo muda wako wa kujifunza ni mfupi kuliko wa wenzako.

Sasa kuna hii tabia ya kuagana na chakula. Wiki za mwisho kabla ya operesheni mtu anazunguka mji mzima, leo mishkaki, kesho biriani, keshokutwa urojo, eti sitaonja tena. Kwanza utaonja, baada ya miezi kadhaa wengi wanakula karibu kila kitu ila kwa kijisahani. Pili unakifundisha kichwa kwamba hicho chakula ni mpendwa aliyefariki, na mtu hakumbuki kitu kama anavyomkumbuka marehemu. Halafu madaktari wengi wanakutaka ule chakula chepesi chenye wanga kidogo kama wiki mbili kabla, ili ini lipungue, kwa sababu ini lenye mafuta linalalia juu ya tumbo na linamsumbua daktari kufika anapotaka. Hizo wiki mbili zitumie kama majaribio. Chukua daftari, andika kila hamu inapokujia: saa ngapi, ulikuwa wapi, umetoka kugombana na nani, ulitaka nini. Utashangaa. Mwingine atagundua hamu yake yote ipo kati ya saa tatu usiku na kulala, watoto wameshalala, simu mkononi, na wala hakuwa na njaa.

Kipimo changu mimi ni yai la kuchemsha. Njaa ya kweli inakuja polepole na haichagui, ukipewa yai unakula. Hamu inachagua, inataka chipsi, tena zile za kukauka, na inataka sasa hivi. Kama yai hulitaki basi huna njaa, kunywa maji, ondoka jikoni, mpigie mtu simu, oga, mara nyingi baada ya dakika kumi na tano ishirini inapoa yenyewe. Fanya zoezi hili kabla hujakatwa, ukilijua sasa hivi likikufika baadaye huhangaiki.

Jikoni kwako sasa. Wiki za mwanzo ni vimiminika, kisha vilivyosagwa, kisha vilaini, na chakula cha kawaida kinarudi taratibu kama mwezi na nusu mpaka miwili baadaye, ila ratiba ya kufuata ni ya hospitali yako. Wengi wanaambiwa wafikishe protini gramu 60 au zaidi kwa siku, na kwa tumbo dogo hiyo ni kazi, kwahiyo kabla ya operesheni weka akiba: mayai, samaki, mtindi usio na sukari, dengu, maharage ya kuponda, supu ya kuku ya kuchuja. Nunua visosi na vijiko vya chai, sahani kubwa zipandishe juu kabatini. Ugali mgumu, mkate laini, wali, nyama isiyotafunika, hivi vinaweza kukwama kifuani mpaka machozi yakutoke. Lakini vya kuogopa zaidi ni vile vinavyoteleza: krispi, biskuti, kaimati, aiskrimu, juisi ya miwa, chai ya maziwa ya kukolea sukari. Hivi havikujazi, vinapita tu, unaweza kukaa navyo jioni nzima na lile tumbo dogo lisikwambie kitu, na uzito ukirudi mara nyingi ndo unapitia humo. Usiviache ndani kwa kisingizio cha watoto, watoto wanaweza kununuliwa cha siku hiyo kikaisha siku hiyo. Maji unywe kidogo kidogo kutwa nzima lakini sio na chakula, subiri kama nusu saa baada ya kula, na ujue kiu nayo inajifanya njaa.

Kubwa kuliko jiko ni watu. Mama mkwe atakuja kukuona na hotpoti, kafunua pilau inanukia mdalasini, kakaa hapo pembeni ya kitanda: "Mwanangu umekonda, tonge moja tu, la mkono wangu." Utamkataliaje? Ndo maana uongee naye kabla, au umtume mume wako aongee na mama yake, mwambieni mapema kwamba daktari kakataza na kitu kitakachosaidia ni supu ile ya kuchuja, hapo anakuwa na kazi ya kufanya na upendo wake unafika. Kwenye shughuli kubali sahani, weka viwili vitatu, tafuna taratibu, ongea sana, hakuna anayehesabu. Kama ni mwezi wa Ramadhani unakaribia, ongea na daktari kuhusu tarehe, kwa sababu miezi ya mwanzo maji yenyewe hayaingii vya kutosha mchana kutwa, sembuse kwa masaa ya usiku peke yake, na futari yetu tunajua ilivyo.

Kuna hamu moja nataka uijue mapema, hii nasisitiza. Ukijikuta unatamani udongo, ule wa kuuzwa sokoni wengine wanauita pemba, au unatafuna barafu kutoka kwenye friji mpaka watu wanakusikia chumba cha pili, hilo usilichukulie kama utani na usipambane nalo kwa kujikaza. Mara nyingi ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Baada ya operesheni hizi, hasa baipasi, chuma hakifyonzwi vizuri kwa sababu asidi ya tumbo imepungua na ile sehemu ya utumbo inayokifyonza zaidi imerukwa, na wanawake wenye hedhi nzito ndo wanaathirika zaidi. Udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma kisifyonzwe, kwahiyo unakula tatizo juu ya tatizo. Dawa yake ni kupima damu, na wakati mwingine chuma cha kuchomwa kwenye mshipa. Chai nayo isogeze mbali na chakula na vidonge vya chuma, inazuia.

Kama unakula kwa siri usiku, au unakula ukilia, mwambie daktari kabla hujapangiwa tarehe, hata kama unaona aibu. Hospitali nyingi zinazofanya hizi operesheni zina mshauri wa saikolojia na yupo kwa ajili hiyo. Wengine chakula kikizuiwa wanahamia kwenye pombe, na baada ya baipasi hasa pombe inapanda haraka na kwa nguvu kuliko ulivyozoea, bia moja inakuwa kama kadhaa. Ukipungua uzito mimba nayo inaweza kuingia kirahisi kuliko zamani, na ushauri wa wengi ni kusubiri mwaka mpaka mwaka na nusu, kwahiyo uzazi wa mpango upangwe mapema kabisa, hamu za ujauzito juu ya hizi ni mzigo mwingine.

Bajeti yako isiishie kwenye operesheni. Vitamini ni za maisha, B12, chuma, kalisiamu, vitamini D, na vipimo vya damu kila baada ya miezi kadhaa mwaka wa kwanza, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Kabla hujalipa chochote uliza hospitali hivyo vipimo vinafanyika pale pale au utatumwa kwingine, bei gani kila mara, na bima yako inabeba kipi.