Kuinua Daraja la Nishati la Nyumba Kabla ya Kuiuza Uingereza

Anayeuza nyumba Uingereza au Wales hulazimika kisheria kuwa na cheti cha ufanisi wa nishati, ambacho madalali na wanunuzi hukiita EPC, au angalau awe amekwisha kukiagiza kabla nyumba haijatangazwa sokoni. Cheti hudumu miaka 10 na huipanga nyumba katika herufi A hadi G kulingana na alama ilizopata: 92 na kuendelea ni A, 69 hadi 80 ni C, 55 hadi 68 ni D, na zilizo chini ya 21 ni G. Hakuna daraja linalomzuia mtu kuuza, ila mnunuzi anayekusudia kupangisha ataiogopa nyumba ya F au G, kwa kuwa nyumba iliyo chini ya E haipangishwi bila msamaha uliosajiliwa.

Kabla ya kununua hata robota moja la sufi ya kuhami dari, tafuta cheti kilichopo katika daftari la serikali mtandaoni. Ni bure, na unahitaji msimbo wa posta tu. Usiishie kwenye herufi. Soma maelezo ya kuta, paa, sakafu na madirisha, na popote palipoandikwa kwamba hali ya kitu imekisiwa, tia alama ya kalamu. Hapo ndipo alama nyingi hupotea bure, kwa sababu mkaguzi hatoboi ukuta wala habandui sakafu. Asichokiona na kisichothibitishwa kwa hati hukikadiria kwa umri wa jengo, na kwa nyumba kongwe makadirio hayo huwa mabaya. Neno lako la mdomo halihesabiki, hata kama ni kweli tupu. Basi kusanya vyeti vya ufungaji wa madirisha, dhamana ya kujazwa kihami (nyenzo ya kuzuia joto lisipotee) ndani ya ukuta, na kibali cha idara ya ujenzi ya halmashauri kwa chumba kilichoongezwa nyuma, uviweke katika jalada moja. Kwa maoni yangu, jioni moja ya kupekua makaratasi huweza kuleta faida kuliko mamia ya pauni yaliyotumiwa kwa pupa.

Baada ya hapo panda darini ukiwa na rula na tochi. Unene wa sufi unaopendekezwa sasa ni milimita 270, na kwa kawaida hutandazwa kwa tabaka mbili: milimita 100 kati ya mihimili, kisha 170 juu yake kwa kukingama, ili mihimili yenyewe nayo ifunikwe. Ukikuta tabaka moja kuukuu, lililosinyaa na kujaa vumbi, umepata kazi yenye gharama ndogo na matokeo makubwa, ambayo mtu mwangalifu aliyevaa barakoa na glavu anaweza kuimaliza kwa siku moja. Usiisukume sufi mpaka ikazibe upenu, kwa maana hewa isipopita humo, mvuke hugandia mbao na kuleta ukungu, na mkaguzi wa majengo wa mnunuzi ataunusa mara moja. Ikiwa dari limepigiliwa mbao, ondoa ubao mmoja ili unene uonekane. Mlango wa kupandia darini nao uwe unafunguka, usizibwe na masanduku.

Kuhusu kuta, simama nje uyatazame matofali. Yakiwa yote yamelazwa ubavu tu, mstari baada ya mstari, huenda ukuta una tabaka mbili zenye uwazi katikati, na uwazi huo unaweza kujazwa kihami na fundi aliyesajiliwa kwa siku moja. Ukiona vichwa vya matofali vimechanganyika na mbavu, kama zilivyo nyumba nyingi za safu zilizojengwa kabla ya miaka ya 1920, huo ni ukuta mzima usio na uwazi katikati. Kuuhami kwa ndani au kwa nje ni kazi ghali ambayo siishauri kwa mtu anayehama miezi michache ijayo.

Madogo yafuatayo yafanywe yote: taa zote ziwe za LED, tangi la maji ya moto lisilo na kihami livikwe koti la milimita 80, na mfumo wa kupasha joto uwe na saa ya kuuongoza, themostati (kidhibiti joto) ya chumbani, na vali za kudhibiti joto kwenye radieta. Kuna jambo wengi hawalijui. Hita ya umeme iliyofungwa ukutani sebuleni, hata kama haijawashwa kwa miaka, huhesabiwa kuwa chanzo cha pili cha joto na huweza kushusha alama, kwa kuwa alama hizo hufuata gharama na umeme ni ghali kuliko gesi. Kama huitumii, mwite fundi umeme aiondoe kabla ya ukaguzi.

Paneli za sola huinua alama vizuri, na pampu ya joto, yaani mtambo wa umeme unaovuta joto la nje na kuliingiza ndani, hupata ruzuku ya serikali ya pauni 7,500, lakini muuzaji hukaa kidogo mno kufaidi bili zilizopungua. Povu la kupulizia chini ya paa liepuke kabisa, kwani baadhi ya wakopeshaji hukataa kutoa mkopo wa nyumba iliyopuliziwa.

Mwisho, piga hesabu kabla ya kumwita mkaguzi. Nyumba yenye alama 66 inahitaji tatu tu kuingia C, na sufi ya darini pamoja na vali huenda zikatosha. Yenye 57 iko mbali, na huenda ni busara zaidi kupunguza bei kidogo. Kumbuka pia kwamba mfumo wa kukokotoa alama ulibadilishwa Juni 2025, na sasa madirisha hupimwa moja moja, hivyo ukaguzi mpya unaweza hata kukushusha chini ya cheti cha zamani ambacho bado ni halali. Ukiamua kuendelea, kazi zote ziwe zimekamilika, jalada liwe mezani, na cheti kipya kiwe kimeingia katika daftari kabla dalali hajaandika tangazo.