Kupima ukame wa Marsabit kwa setilaiti na modeli ndogo ya unyevu wa udongo

Kabla ya kupakua picha yoyote ya setilaiti, andika swali lako kwa sentensi moja. Hapa swali ni hili: katika misimu mitano mfululizo ambayo mvua ilikosekana, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, malisho ya Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, yalishuka kiasi gani chini ya kawaida yake, na je, upungufu wa mvua peke yake unatosha kueleza hali hiyo?

Kwa swali hili unahitaji kumbukumbu ndefu kuliko unavyohitaji picha kali. Setilaiti za Landsat huonyesha vipande vya mita 30, lakini kila setilaiti yake hurudi mahali palepale baada ya siku 16, na wingu moja la msimu wa mvua laweza kukunyima picha ya mwezi mzima. Kwa hiyo anza na data ya MODIS, kihisi cha setilaiti kinachotoa kielezo cha uoto, yaani NDVI, kwa vipande vya mita 250 tangu Februari 2000. Kielezo hiki hutumia tabia ya jani hai, ambalo hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi miale ya infraredi iliyo karibu na mwanga huo. Kwa mvua chukua CHIRPS, hifadhidata ya makadirio ya mvua inayoanzia 1981, ambayo huunganisha halijoto ya vilele vya mawingu na vipimo vya vituo vya ardhini. Vituo hivyo ni vichache kaskazini, kwa hiyo usitegemee thamani ya pikseli moja, yaani kipande kimoja cha picha. Tumia wastani wa eneo pana. Kazi yote yaweza kufanywa katika Earth Engine, huduma ya Google ya kuchakata picha za setilaiti mtandaoni, ambayo ni bure kwa utafiti usio wa kibiashara, au katika QGIS, programu ya ramani.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiona ikirukwa mara nyingi, nayo ni kuigawa kaunti. Msitu wa Mlima Marsabit hupata ukungu na hubaki kijani wakati tambarare imekauka, ilhali Jangwa la Chalbi halina uoto wowote wa maana hata mwaka wa mvua nyingi. Ukichanganya hayo na nyanda za malisho, utapata wastani usioeleza mahali popote. Chora mpaka wa nyanda za malisho peke yake, kisha ufanye kazi ndani yake.

Sasa safisha data. Thamani za NDVI za MODIS huhifadhiwa zikiwa zimezidishwa mara 10,000, kwa hiyo 2,500 maana yake ni 0.25. Tupa pikseli ambazo safu ya ubora inasema zina mawingu. Baada ya hapo linganisha kila kipindi na kipindi kilekile cha miaka mingine, Novemba kwa Novemba: kutoka NDVI ya kipindi hicho ondoa thamani ya chini kabisa iliyowahi kuonekana, gawanya kwa tofauti kati ya ya juu kabisa na hiyo ya chini, kisha zidisha kwa 100. Jibu ni kielezo cha hali ya uoto, VCI. Chini ya 35 huhesabiwa kuwa ukame.

Usilinganishe mvua na ukijani wa wiki ileile, kwa kuwa majani huchipua baada ya udongo kulowa. Jaribu jumla ya mvua ya mwezi mmoja, miwili na mitatu iliyotangulia. Hapa ndipo modeli inapoanza kufaa. Uchukulie udongo kama mtungi wa milimita 100: kila siku ongeza mvua ya CHIRPS, punguza maji yanayopotea hewani, yanayokadiriwa kutokana na halijoto ya ERA5-Land, hifadhidata ya hali ya hewa iliyopita, na yanayozidi ujazo yahesabu kuwa yametiririka. Rudia kwa mtungi wa milimita 50 na wa 150. Rekebisha viwango vya modeli kwa data ya miaka ya 2001 hadi 2015 pekee, kisha uijaribu kwa miaka iliyofuata, ambayo ina vuli ya 2019 iliyofurika na ukame wenyewe.

Pale ambapo modeli inasema udongo ni mkavu lakini setilaiti inaonyesha kijani, usiharakishe kulaumu hesabu. Mathenge, mti uliosambaa Baringo, Turkana na Garissa, hufikia maji ya chini na hubaki kijani wakati nyasi zimekwisha, na ng'ombe hawezi kuishi kwa majani yake. Nenda na GPS kwenye pikseli hizo, piga picha, na umuulize mfugaji mifugo inakula nini pale na tangu lini. Bima ya mifugo iliyoanza kuuzwa Marsabit mwaka 2010 iliundwa kulipa wafugaji fidia kwa kufuata kielezo hikihiki cha NDVI, kwa hiyo kijani kisicho malisho kikihesabiwa kuwa malisho, kuna familia itakayonyimwa fedha huku ng'ombe wake wakifa. Majibu ya wafugaji yaandike katika jedwali lilelile lenye VCI na unyevu wa udongo, kila moja kwa tarehe na mahali pake.