SOMO: Grupu la WhatsApp la mtaa, pamoja na wenye vitochi

Wakuu, PM za kuniuliza jinsi ya kuanzisha grupu la matangazo la mtaa, linalofikia hata wenye vitochi (simu ndogo zisizo na WhatsApp), zimenichosha, najibu hapa mara moja. Ni kwa mitaa yetu ya Tanzania yenye mwenyekiti na wajumbe wa mashina.

1. Muone mwenyekiti wa mtaa kwanza. Ukimruka, grupu litaitwa la siasa.

2. Fungua magrupu mawili: Matangazo na Baraza. Soga, salamu na mauzo ya maandazi viende Baraza.

3. Kwenye mipangilio ya Matangazo, kutuma ujumbe na kuongeza watu viwe kazi ya maadmini tu. Washa pia idhini ya admini kwa anayeingia kwa linki.

4. Maadmini watatu, kila mmoja shina lake. Akiwa mmoja tu na akatoka, WhatsApp humpa uadmini mwanachama yeyote inayemuokota.

5. Vitochi. Hapa ndipo nilipoharibu, someni polepole. Kila mjumbe aandike nyumba zisizo na WhatsApp, hao watumiwe SMS. SMS moja ni herufi 160, na Kiswahili kinaenea vizuri. Tatizo ni kunakili tangazo kutoka WhatsApp. Emoji moja, au ritifaa (alama ya ng') iliyojikunja (’) badala ya kunyooka (') kwenye "nguzo imeng'oka", inashusha kikomo hadi 70. Tangazo la herufi 150 linakuwa SMS tatu. Kwa watu 80 hizo ni SMS 240. Bando linakata katikati na waliobaki hawapati kitu, nawe unadhani umetuma.
ONYO: tazama kihesabu karibu na kitufe cha kutuma. Ukiona 2 au 3 wakati maneno ni machache, kuna herufi imejipenyeza. Futa kila ritifaa, uiandike upya ikiwa imenyooka.
ONYO la pili: ukichagua watu wengi kwa pamoja, simu nyingine hugeuza SMS kuwa MMS ya kikundi (ujumbe wa aina ya picha, si SMS ya kawaida). Chagua kumtumia kila mtu peke yake.

6. Tangazo liwe na nini, wapi, lini, aulizwe nani. Mfano: "MAJI yatakatika shina la 4 na 5, Jumamosi saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Jaza ndoo Ijumaa. Muulize mjumbe wa shina la 4." Usiandike "saa 2" tupu wala "8:00". Kuna atakayesoma saa nane mchana.

MASWALI

kibarazani: Mkuu, nianzie wapi?
— Hatua ya 1. Ndiyo maana ina namba 1.

mpangaji_mpya: Grupu la nini, si natuma broadcast tu (ujumbe mmoja kwa orodha ya namba)?
— Broadcast inamfikia aliyehifadhi namba yako tu. Asiyekuhifadhi hapati, na wewe huambiwi. Halafu orodha moja mwisho watu 256, grupu linabeba 1,024.

Chai_Rangi: Nimebandika linki ya grupu dukani, sasa wameingia watu wa mikopo. WhatsApp yenu mbovu.
— WhatsApp haijabandika linki dukani. Weka upya linki ili ya zamani ife, watoe hao watu, kisha urudi hatua ya 3.

Mama_Bustani: Samahani kaka, kwa nini ritifaa moja ipunguze herufi zote na siyo yake tu?
— Swali zuri sana dada. SMS ina seti ndogo ya herufi, kila moja ikichukua nafasi ndogo. Ikiingia herufi isiyo kwenye seti hiyo, ujumbe mzima unahamia mfumo mpana, ambamo hata "a" inachukua nafasi zaidi ya mara mbili. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye seti, iliyojikunja haimo. Kwenye Messages ya Google kuna mpangilio wa kugeuza herufi maalumu kuwa za kawaida. Uwashe, utapumua.

mlinzi_wa_zamu: Tubandike majina ya wasiolipa hela ya ulinzi shirikishi?
— Hapana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria mtagombana mpaka misibani. Andika "nyumba 62 kati ya 80 zimelipa", mdaiwa afuatwe na mjumbe wake.

mlinzi_wa_zamu: Ila wengine ni wakaidi mkuu.
— Nimeshajibu.

Fundi_Koki: Nyongeza: bibi zetu wengi hawasomi SMS kabisa. Sisi tangazo la maji tunaliandika pia kwa chaki kwenye ubao wa muuza genge, maana kila nyumba inapita pale kwa nyanya.
— Hii naichukua. Tarehe muiandike juu kabisa, na muuza genge apewe ruhusa ya kufuta. Ubao wenye tangazo la wiki iliyopita unajaza watu ndoo bure.

Chai_Rangi: Linki nimebadilisha, wamepungua. Chaki ya rangi gani inaonekana jioni?
— Njano, kwenye ubao mweusi.