Kuacha kebo Marekani: jihadhari na boksi la "kila kitu kimo ndani"

Jamani, kwenye magrupu yetu ya Waswahili wa hapa Dallas swali la boksi la kuonyesha TV kwa intaneti haliishi, mtu anauliza ninunue lipi niachane na kebo, yaani TV ya kulipia inayokuja kwa waya, na kabla hajamaliza kuuliza kishatokea wa kumjibu "njoo inbox, nina boksi la dola mia tatu, channel zote za dunia, hulipi tena maisha yako yote". Naandika kwa sababu ya huyo muuzaji wa inbox. Kuchagua boksi lenyewe ni kazi nyepesi na nitaisema kwa kifupi, ila hilo la inbox nitalirudia mpaka mnichoke.

Kwanza kuhusu kebo yenyewe. Sisi tumezoea king'amuzi, unalipia kifurushi kwa M-Pesa, mwezi ukiisha na huna hela picha inakatika, unasikiliza redio mpaka mshahara utoke na hakuna anayekudai. Kebo ya huku unatumia kwanza bili inakuja baadaye, na mara nyingi umeshasaini mkataba. Bei waliyokutangazia ni ya mwaka wa kwanza, halafu juu yake kuna ada ya channel za kawaida, ada ya michezo ya eneo lako, ada ya kukodi boksi kwa kila TV, na kodi ya serikali. Mwaka 2024 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ilipitisha kanuni ya kuwalazimisha waseme bei nzima bila kuzificha hizo ada, lakini wewe bado soma bili mstari kwa mstari. Na usithubutu kuacha tu kulipa kama ulivyozoea nyumbani, picha itakatika ndio, ila deni linabaki, linapelekwa kwa wakusanya madeni, na siku unatafuta nyumba ya kupanga ndio unakutana nalo kwenye kredit yako, ile rekodi ya namna unavyolipa madeni.

Kuvunja kebo: piga simu, watakuhamishia kwa mtu mwenye maneno matamu atakayekupa punguzo la miezi michache, mwambie hapana asante. Uliza kama kuna faini ya mkataba. Rudisha vifaa mwenyewe kwa mkono, piga picha namba za nyuma ya boksi, na risiti ya kurudisha usiitupe hata kama ni kikaratasi kama cha supamaketi, kuna watu wametozwa hela ya boksi walilokwisha kurudisha. Intaneti baki nayo lakini uliza bei yake ikiwa peke yake, wanapenda kuipandisha ukiitenganisha na TV.

Sasa boksi. Kama TV yako ni smart na bado ina nguvu huenda huhitaji kitu. Kama unahitaji, Roku ya kuchomeka ndiyo rahisi kwa wazazi, rimoti yake ina vitufe vichache na mama akija kutembea atajifunza siku hiyohiyo. Fire TV ya Amazon ni nzuri ila imejaa matangazo ya kukuuzia vitu. Kijiboksi cha Onn cha Walmart kina Google TV na ni kama dola ishirini tu, kwa bei hiyo sioni cha kulalamikia. Apple TV ni ghali, bei yake ilianzia dola 129 ilipotoka ile ya 2022, inunue kama nyumba nzima ni watu wa iPhone. Basi. Spidi ya intaneti, Netflix wenyewe wanasema megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya Full HD na 15 kwa 4K, kwa hiyo usikubali kuuziwa gigabiti nzima kwa ajili ya TV moja sebuleni. Na ukiwasha Roku ukaona mtu au tovuti inakudai hela ya "kuaktiveti", huyo ni tapeli, Roku hawatozi hela ya kuaktiveti.

Turudi kwa jamaa wa inbox.

Lile boksi lilipoingia kwangu lilikuja kwenye katoni nyeupe haina jina la kampuni, na kijikaratasi kilichochapwa kwa Kiingereza cha kuungaunga, hatua ya kwanza kabisa kimeandikwa uzime Play Protect. Soma tena hapo. Play Protect ni ule mlinzi wa Google anayekagua app zenye virusi, na boksi linakuomba umfukuze mlinzi kabla halijaingia ndani. Muuzaji ni mtu wetu, anaongea Kiswahili safi, anakuita kaka, tunakutana naye kwenye misiba na sherehe, akasema ina Azam yote, ina DStv yote, ina Ligi Kuu ya England yote, unalipa mara moja kwa Zelle, ile ya kutumiana hela benki kwa benki, na mwaka mzima hamna maneno.

Miezi ya mwanzo ilionyesha kweli. Ndio mtego wenyewe huo, jamani, lingekuwa bovu siku ya kwanza kila mtu angedai hela yake. Siku ya Simba na Yanga, wageni wamejaa sebuleni, pilau iko mezani, channel ikaganda dakika ya kumi na kitu, kikawa kinazunguka kile kiduara, ukihamia channel ya pili nayo hivyohivyo. WhatsApp ya muuzaji tiki moja. Zelle nayo ukishatuma kwa hiari yako kurudisha ni ndoto, siyo kadi ya benki ambayo ungefungua malalamiko. Alipokuja kupatikana alisema "seva" imefungwa, kuna seva mpya, ongeza dola themanini.

Ila hela ndiyo hasara ndogo. Kabla ya hapo intaneti ya nyumbani ilishaanza visa, kila tovuti inakutaka uthibitishe wewe si roboti, chagua picha zenye taa za barabarani, chagua pikipiki, benki ikawa inafunga akaunti kila ukiingia, watoto wanalalamika kazi za shule hazifunguki. Kampuni ya intaneti ikatuma barua pepe kwamba kwenye laini yetu kuna mambo hayaeleweki. Nikafungua app ya ruta, saa nane usiku TV imezimwa wote tumelala, kifaa kinachorusha data kuliko vyote nyumbani ni lile boksi. Nikachomoa waya. Baada ya siku chache zile taa za barabarani zikakoma.

Hii haikuwa bahati mbaya yangu peke yangu. Juni 2025 FBI walitoa onyo rasmi kuhusu mtandao wa kihalifu wa vifaa vyenye virusi unaoitwa BADBOX 2.0, na mwezi uliofuata Google wakafungua kesi mahakamani New York wakisema vifaa zaidi ya milioni kumi vya Android visivyoidhinishwa vimeambukizwa. Ujerumani nao Desemba 2024 walikata mawasiliano ya vifaa kama elfu 30 vya aina hiyo. Namna inavyofanya kazi ni hivi: virusi vinawekwa ndani kabla hata boksi halijakufikia, au vinaingia na zile app unazotakiwa kupakua wakati wa kuliseti, halafu anwani ya intaneti ya nyumba yako inakodishwa kwa watu wasiojulikana, wao wanafungua akaunti za uongo, wanabahatisha pasiwedi za watu, wanabofya matangazo kwa wizi, na huko wanakofanya hayo inaonekana ni nyumba yako ndiyo imefanya. Umempa funguo mpangaji usiyemjua na jina kwenye mlango ni lako.

Sasa wewe ambaye karatasi zako bado ziko mezani kwa watu wa uhamiaji, unasubiri green card au uraia, unataka anwani yako ihusishwe na mambo hayo kwa sababu ya mpira? Sisemi kesho polisi watagonga, sijaona hilo likitokea kwa mtu wetu. Nasema usijitafutie maelezo ya kutoa mbele ya afisa.

Dalili ni nyepesi, zishike: boksi halina jina la kampuni unayoijua, linatangazwa kwamba limeondolewa kufuli ("unlocked") na kila kitu ni bure, linakutaka uzime Play Protect, linapakua app kutoka duka lisilo la Google. Ukiona hata moja kati ya hizo acha. Google wana orodha ya kampuni zinazotengeneza vifaa vya Android TV vilivyoidhinishwa, angalia kabla hujatoa hela. Na usidanganyike kwamba linauzwa kwenye tovuti kubwa basi ni salama, mengi yameuzwa humohumo na yana nyota tano.

Najua nyie dada zangu na wajomba zangu mtasema "lakini la kwangu halina shida mwaka wa pili huu". Shangazi, utajuaje, wakati linafanya kazi usiku umelala? Na wale mnaosema "mbona fulani anauza na ni mtu wa kanisani", huyo fulani pengine naye hajui anachokiuza, kaletewa katoni tu. Mapenzi yetu ya kuaminiana kwa lugha ndiyo yanatumaliza huku, mtu akisema "habari za siku nyingi kaka" tayari tumeshafungua pochi.

Kama unalo tayari, lichomoe leo. Kulirudisha kwenye hali ya kiwandani hakusaidii kama virusi viko kwenye mfumo wenyewe. Badilisha pasiwedi ya waifai, halafu za email na benki, ubadilishe kwa simu au kompyuta ambayo haijaguswa na hilo boksi, kisha lipeleke kwenye kituo cha taka za elektroniki. Usimgawie jirani. Na usilipeleke kanisani kwenye mnada.

Haya, vifurushi. Uzuri wa striming halali ni kwamba umerudi kwenye mfumo wa king'amuzi chetu, unalipa mwezi, ukichoka unakata, hakuna mkataba. YouTube TV, kifurushi cha kulipia cha channel za mubashara, siyo ile YouTube ya bure, ilipoanza 2017 ilikuwa dola 35 kwa mwezi, Januari 2025 ikafika 82.99, kwa hiyo ukiichukua hiyo pamoja na nyingine mbili tatu utajikuta uko palepale pa kebo, na ndiyo kosa ninaloliona sana, mtu katoka kwenye kebo kaingia kwenye kebo yenye jina jipya. Chukua kimoja kwa msimu. Ligi Kuu ya England iko channel ya NBC na Peacock, app ya kulipia ya haohao NBC, lakini si mechi zote ziko Peacock, nyingine zinapita channel ya USA Network ambayo utaipata kwenye kifurushi cha Sling au YouTube TV, soma ratiba ya timu yako kwanza. Ligi ya Mabingwa Ulaya iko Paramount+. AFCON huwa beIN Sports. Ligi zikiisha kata, Agosti rudi.

Na kabla ya kulipa chochote nunua antena. Siyo mchezo, antena! Hapa Dallas minara karibu yote iko Cedar Hill, kusini magharibi ya mji, ukiielekeza huko unapata WFAA, Fox 4, NBC 5, CBS na KERA bure kabisa, picha safi kuliko ya kebo. Jumamosi kukiwa na mechi ya England NBC wanairusha saa tano na nusu asubuhi za hapa, hulipi hata senti. Kombe la Dunia 2026 kwa Kiingereza liko Fox na kwa Kihispania Telemundo, mechi zinazopita Fox yenyewe antena inazidaka. Wazungu wengi wenyewe wamesahau kwamba TV inaweza kuja hewani bure. Huku kila kitu kimewekwa kwenye malipo yanayojikata yenyewe kila mwezi, wanakupa siku saba za kujaribu bure wakijua utasahau, na mtu anaweza kulipia channel mwaka mzima hajaifungua wala hajali. Halafu kila mtu anaangalia chumbani kwake na kibao chake. Sisi tuliokulia vibanda umiza, watu hamsini TV moja na jasho, hatuwezi kuwaelewa, na wala sitaki niwaelewe, ila tabia ya kusahau malipo tusiwaige. Ukianza majaribio ya bure, kata siku hiyohiyo, nyingi zinaendelea kukuonyesha mpaka muda uishe.

Za nyumbani nazo usimlipe mtu kabla ya kuangalia kilicho bure. Citizen, NTV na KTN News za Kenya ziko mubashara YouTube. Mechi za Ligi Kuu ya Tanzania haki ni za Azam, mkataba wa miaka 10 tangu 2021, na wana app yao ya Azam TV Max, ingia mwenyewe uone wanakuuzia nini huko uliko, halafu ulipe kwa kadi, siyo Zelle kwa mtu.

Mwisho kwa ndugu walioko nyumbani wanaosema "tutumie hilo boksi la Marekani". Mjomba, boksi nitakutumia, ushuru utajuana nao wewe bandarini, lakini Hulu, Peacock na YouTube TV zinafanya kazi ndani ya Marekani tu, ukiliwasha Tabata utaona Netflix, YouTube na maandishi ya kukuambia huduma haipatikani eneo lako. Na mkiletewa lile la katoni nyeupe linaloonyesha kila kitu mkaambiwa limetoka Marekani, mimi sijalituma.