Maharage ya usiku wa kazi: chemsha kwanza, ndugu zangu

Naandika nikiwa Uyole, Mbeya, likizo, kwenye kigoda jikoni kwa shangazi. Sufuria ya maharage iko motoni tangu saa tisa. Nusu saa ya kwanza kifuniko kilikuwa kinagonga, povu likimwagikia makaa, shangazi akilifuta huku anaongea na jirani dirishani. Kisha akapunguza makaa, akaacha moto mdogo, akatoka kuchuma figiri. Ile nusu saa ya kifuniko kugonga ndiyo iliyoniangusha mwaka juzi kule Uingereza, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ipo.

Mlioko nje mnayajua maisha. Unatoka zamu saa mbili usiku, baridi inauma, na chakula cha kununua ukikizoea kinamaliza hela ya kodi. Nikaamua nipike mwenyewe. Mwenzangu kazini aliniuzia kwa bei ya bure sufuria ya umeme ya kupikia polepole: asubuhi unaweka vitu vyako, unabonyeza, jioni unakuta chakula. Nikamwomba shangazi maelekezo, naye akanitumia sauti ya WhatsApp: "Maharage hayataki haraka, mwanangu. Yaloweke usiku, asubuhi yaweke moto mdogo, yaache yenyewe."

Nikafuata neno kwa neno. Maharage mekundu ya duka la Wahindi, yamelowekwa usiku kucha, kitunguu, karoti, nyanya, kitufe cha moto wa chini, nikaenda kazini. Jioni nikala sahani moja iliyojaa. Yalikuwa na ugumu kidogo katikati, nikaona ni kawaida. Hayakupita masaa mawili nikawa sakafuni bafuni, natapika mpaka macho yanatoa machozi, halafu tumbo likafungulia. Nikapiga 111, namba yao ya bure ya ushauri wa afya. Baada ya maswali mengi, mtu wa upande wa pili akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia. Akauliza swali moja tu: uliyachemsha kwanza?

Sikilizeni vizuri hapa. Maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili, aina ya protini inayoitwa lektini. Mabichi hupimwa kuwa na vizio 20,000 hadi 70,000 vya sumu hiyo. Yakiiva sawasawa vinashuka hadi 200 au 400. Kinachoivunja ni maji yanayotokota kwa nguvu. Sufuria za kupikia polepole, chakula ndani yake mara nyingi hakivuki nyuzi 75, na maharage yaliyopashwa hadi nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na sumu mara tano kuliko mabichi. Yaani kuyapika nusunusu ni kubaya kuliko kutoyapika kabisa. Punje nne au tano zinatosha kukulaza. Uingereza visa hivi vinajulikana tangu 1976.

Kwa hiyo: loweka saa tano au zaidi, mwaga yale maji, weka maji mapya, yatokote kwa nguvu nusu saa. Dakika kumi ndicho kiwango cha chini kabisa. Mimi siendi chini ya nusu saa. Baada ya hapo yapeleke unakotaka, hata kwenye ile sufuria ya polepole.

Narudia kwa sababu najua tulivyo. Kuloweka usiku kucha hakutoshi. Kulainika hakutoshi. Kwamba ni maharage ya kwetu, yamebebwa kutoka soko la Mwanjelwa, hakutoshi. Meupe yana sumu pungufu, kama theluthi ya mekundu, lakini chemsha pia. Na usiniambie Mbeya tunakula miaka yote na hatujafa. Mji wetu uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, ila mama zetu huyatokotesha saa mbili, saa tatu. Kinachotulinda ni huo muda.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja asubuhi. Nilishaamka mzima, lakini nahudumia wazee, na kanuni ya kule ni kwamba aliyetapika asirudi mpaka zipite saa 48 tangu alipotapika mara ya mwisho. Wakala anayenipangia kazi akanifuta kwenye zamu tatu, bila malipo. Nikaeleza kwamba ni maharage, siyo ugonjwa wa kuambukiza. Nikajibiwa kwamba kanuni haiangalii chanzo. Leo naikubali, wazee wale kuharisha kunaweza kuwaua, ila kutolipwa bado kunaniuma.

Halafu nikageuza ule mfuko wa maharage. Yote yalikuwa yameandikwa nyuma, kwa herufi ndogo: loweka, chemsha kwa nguvu. Waingereza huandika kila kitu kwa sababu hakuna anayekaa jikoni na mwenzake. Nimeishi nao miaka sita, ni waungwana, lakini mtu anarudi kazini, anapasha boksi kwenye maikrowevu, anakula peke yake mbele ya televisheni saa kumi na mbili jioni. Mtoto atajifunzia wapi? Anabaki na mfuko. Sisi tulijifunza kwa macho, kwenye vigoda kama hiki, na hatuna mazoea ya kusoma mfuko. Ukiwa kwao, soma mfuko.

Nanyi mama zetu na mashangazi, nawaomba kwa heshima: mkituelekeza kwa simu, anzeni pale moto unapowashwa. Kwenu kuchemka si hatua, ni kitu kinachotokea chenyewe, kwa hiyo hamkitaji. Binamu yangu aliyesema nimelishwa kitu, hapana, nilijilisha mwenyewe. Na tafadhali msimbebeshe msafiri nyama ya kukausha wala maziwa ya mgando. Uingereza hairuhusu abiria kutoka Tanzania kuingiza nyama wala maziwa; vinachukuliwa pale pale uwanjani na yeye ndiye anayeulizwa.

Wiki yangu sasa ni nyepesi. Jumapili nachemsha kilo nzima ya maharage mpaka yaive, nayagawa kwenye vyombo, naweka friza. Siku ya wali naunga na kitunguu na nyanya, dakika ishirini. Mchele wa Kyela sijawahi kuuona kule, natumia basmati. Siku nyingine viazi na njegere, siku nyingine ugali na kabichi. Unga wa ugali tafuta maduka ya Waafrika. Ule mweupe laini unaokaa karibu na vitu vya keki, wenye jina la Kiingereza linalosikika kama unga wa mahindi, ni wanga wa kufanya mchuzi uwe mzito, hausongeki. Ukiwa hoi kabisa, fungua maharage ya kopo: yameshapikwa kiwandani, hayana neno.

Presha kuka ya umeme nayo ni salama, joto lake linavuka 100. Ila nyingi zina kitufe cha pili cha kupika polepole, na hicho kwa maharage yasiyochemshwa ni mtego uleule. Usikiguse.

Jana nimemrekodi shangazi upya, safari hii nikiwa nimekaa naye hapa jikoni, na nimetuma kwenye kundi la wana-Mbeya walioko nje. Ni sauti ya dakika nne. Mbili za mwanzo haongei mtu, ni kifuniko tu kinagonga.