Kuchora thangka ya Kitibeti yenye sura ya kisasa

Thangka ni picha ya kidini ya Kibuddha inayochorwa kwenye kitambaa. Wamba kitambaa cha pamba kwenye fremu ya mbao kwa kamba, si kwa misumari, ili uweze kukikaza kila kinapolegea. Paka pande zote mbili mchanganyiko wa chaki laini na gundi ya ngozi yenye uvuguvugu, kisha sugua kwa jiwe mpaka uso uwe nyororo. Gundi ndiyo huharibu kazi nyingi: ikizidi, uso hupasuka, ikipungua, rangi hutoka ukiigusa kwa kidole.

Piga mistari ya vipimo kabla ya kuchora mwili wa Buddha. Hapo usibuni, uwiano wake umewekwa na mapokeo. Usasa uingie kwenye mandhari au ndani ya umbo, kama msanii Gonkar Gyatso, mzaliwa wa Lhasa, mji mkuu wa Tibet, anavyojaza umbo la Buddha kwa stika na vipande vya karatasi zilizochapishwa.

Karatasi ibandikwe kwanza, penye chaki tupu. Rangi za mawe zilizokorogwa kwa gundi hulainika zikipata maji, hivyo akriliki, rangi ya kisasa ya plastiki, ikipakwa juu yake huzing'oa. Akriliki itengee sehemu yake. Anza na anga, macho yaje mwisho.